Kazi ya Kusoma Isiyomngoja Mwalimu



Nianze na hesabu, ingawa mada yangu ni kusoma. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili katika shule zetu za Tanzania ni dakika 30. Darasa la watoto 90 si la ajabu, hasa tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada, na Januari 2016 wazazi wakapanga foleni shuleni kuandikisha watoto waliokuwa wamebaki nyumbani. Furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini gawanya dakika 30 kwa watoto 90 uone kila mtoto anapata nini: sekunde 20. Mtoto wa darasa la pili anayesoma kwa kusitasita hamalizi sentensi mbili katika sekunde 20. Na hapo hatujaondoa muda wa kuita majina, wa kugawa vitabu vichache vilivyopo na wa kutuliza madawati ya nyuma.

Kwa hiyo mwalimu anafanya kinachowezekana. Anasoma yeye, darasa linaitikia. Anayepita nje anasikia sauti moja nzuri na kuamini kwamba watoto wanasoma. Ndani ya sauti ile wamo wanaosoma kweli, wamo waliokariri ukurasa mzima tangu juzi, na wamo wanaofuata mdomo wa jirani kwa kuchelewa nusu silabi. Mwalimu aliyesimama mbele hana njia ya kuwatofautisha. Mtoto anaweza kukaa ndani ya kwaya hiyo miaka miwili, akafika darasa la tatu, na siku akipewa kitabu asichokijua ndipo inagundulika kwamba hajui kusoma.

Nimekuja kutetea jambo moja tu. Njia ya kumfikia mtoto mmoja mmoja katika darasa kubwa ni kutengeneza kazi za kusoma ambazo watoto wengine wanaweza kuzifanya bila mwalimu. Kazi hizo haziwi kazi za kusoma kwa sababu tu zina maandishi. Zinakuwa kazi za kusoma pale tu ambapo mtoto asiyeelewa alichosoma hawezi kuzimaliza. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Tatizo hili si letu peke yetu, wala si la leo. Mwishoni mwa karne ya 18 huko Southwark, London, Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto wa maskini, na watoto wakawa wengi kuliko vitabu na walimu. Alichofanya ni kuchapa kurasa za kitabu kwa herufi kubwa upande mmoja, kuzibandika kwenye mbao na kuzitundika ukutani, ili kitabu kimoja kihudumie shule nzima. Kikundi cha watoto kilisimama nusu duara mbele ya ubao, na mtoto aliyetangulia kidogo kwa maarifa akawasomesha wenzake. Wazo la ukurasa ukutani lilikuwa zuri, na madarasa yetu yanayoongea, yenye chati kila upande, ni ndugu zake. Udhaifu wake ni kwamba mtoto hakuwahi kuachwa peke yake na maandishi. Daima palikuwa na mtu wa kumwambia soma, rudia, nyamaza.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907. Wengi tunamkumbuka kwa herufi za msasa ambazo mtoto huzipapasa kwa kidole. Mimi namshukuru zaidi kwa vijikaratasi vyake. Alikuwa ameandaa vitu vya kuchezea, na kila kimoja akakiandikia jina katika kikaratasi. Mtoto aliyelisoma jina na kulielewa aliruhusiwa kukichukua kitu hicho akacheze. Kilichomshangaza ni kwamba watoto waliviacha vitu vya kuchezea na kuendelea kuchota vijikaratasi, kimoja baada ya kingine, ili wasome. Baadaye akaandika maagizo badala ya majina: mtoto alisoma kimya kikaratasi chake, akaenda kutenda lililoandikwa. Mwalimu aliyekuwa akitazama alijua papo hapo nani ameelewa, bila kuuliza swali hata moja. Zaidi ya miaka 100 imepita na sijaona kipimo cha ufahamu kilicho rahisi na cha kweli kuliko hicho.

Halafu yuko Célestin Freinet. Alipigana vita ya kwanza ya dunia akiwa kijana, akajeruhiwa pafu mwaka 1917, na mwaka 1920 akapangiwa kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa. Hakuwa na pumzi ya kuongea kutwa nzima mbele ya darasa. Mwalimu ambaye sauti yake inakwisha kabla ya mchana ana mambo mawili ya kuchagua: kuacha kazi, au kutafuta namna ya watoto kufanya kazi bila kutegemea sauti yake. Alichagua la pili. Watoto waliandika habari zao wenyewe, na mwaka 1924 akaingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani, habari zile zikapangwa kwa herufi za risasi na kuwa kitabu cha kusoma cha darasa. Wakazituma kwa shule nyingine ya mbali, na shule ile ikawatumia za kwao. Miaka ya 1930 akaongeza makasha ya kadi, maswali kwenye kadi moja na majibu kwenye nyingine, mtoto ajisahihishe mwenyewe. Wazo hilo la kadi alilichukua kutoka Winnetka, karibu na Chicago, ambako Carleton Washburne alikuwa amewaandalia watoto masomo ya kujifunza kila mmoja kwa mwendo wake.

Nimekaa kidogo kwa Freinet kwa sababu mwalimu mwenye pafu moja zima na mwalimu mwenye watoto 90 wana shida ileile: sauti ya mtu mmoja haitoshi. Na mfano wa karibu zaidi na hali yetu ya kiuchumi uko Kolombia, ambako tangu mwaka 1975 Vicky Colbert na wenzake walijenga mpango wa Escuela Nueva kwa shule za vijijini zenye mwalimu mmoja au wawili na madarasa kadhaa ndani ya chumba kimoja. Watoto hukaa vikundi, kila kikundi na mwongozo wake ulioandikwa kwa lugha ya kumwelekeza mtoto moja kwa moja, na mwalimu huzunguka. Mpango huo ulienea hadi maelfu ya shule. Walimu wetu wa shule shikizi, wanaofundisha madarasa ya mchanganyiko chini ya paa moja, wanajua vizuri ninachokisema.

Sasa turudi darasani kwetu. Mtasema: mbona watoto wanafanya kazi peke yao kila siku? Wananakili kutoka ubaoni, wanajaza nafasi zilizoachwa wazi, wanajibu maswali ya ufahamu. Nawaomba msome kifungu hiki, ambacho nimekitunga kwa maneno yasiyo na maana yoyote:

Siku moja Mbuto alitundua kibenge kizenzu. Kibenge kile kikamfifika, naye akapwega hadi Kitwendo.

Maswali: Nani alitundua kibenge? Kibenge kilikuwa cha namna gani? Mbuto alipwega hadi wapi?

Kila mmoja wenu humu ukumbini amekwisha kujibu. Mbuto. Kizenzu. Kitwendo. Vema tatu kwa tatu, na hakuna anayejua kibenge ni mdudu au ni deni. Maswali ya namna hiyo yanajibiwa kwa macho yanayotafuta neno linalofanana na neno la swali. Mtoto wa Lindi au Kasulu anaweza kuyapata yote kila wiki, daftari likajaa vema nyekundu, na kusoma kukabaki hakujaanza. Kunakili ubaoni ni hatari zaidi ya hapo: mtoto anaweza kuhamisha sentensi nzima, herufi kwa herufi, bila kuitamka hata kichwani.

Kiswahili kinatuongezea hatari hii kwa sababu ya wema wake. Tuna irabu tano zinazotamkwa vilevile daima, na silabi zinazoandikwa kama zinavyosikika. Mtoto aliyezishika silabi anaweza kutamka karibu ukurasa wowote mapema kuliko mwenzake anayesoma Kiingereza. Tunamsikia, tunafurahi, tunamhesabu kuwa ni msomaji. Kutamka na kuelewa ni kazi mbili, na hiyo ya pili ndiyo isiyosikika kutoka mbele ya darasa.

Ila lugha yetu hiyo hiyo inatupa vifaa vya kutengenezea kazi bora kabisa. Chukueni kadi hii: Chora uso wa mtu. Usichore macho. Mtoto anayesoma kwa kudaka maneno anaona "uso", anaona "macho", anachora macho makubwa mawili. Silabi mbili za mwanzo, usi, zimempita. Mwalimu akitupa jicho kwenye daftari anajua, na hakuhitaji kumsomesha. Au wape picha mbili, moja ya mbwa anayemkimbiza paka na nyingine ya paka anayemkimbiza mbwa, pamoja na sentensi mbili: Mbwa anamfukuza paka. Mbwa anafukuzwa na paka. Kila sentensi iwekwe chini ya picha yake. Kinachobeba maana yote ni kile kiambishi -m- na ile -w- ndogo.

Ninayoipenda zaidi ni hii. Kwenye mkeka kuna kikombe na sahani. Kimevunjika. Chora unachokiona. Kadi ya pili inasema vilevile, ila mwishoni imeandikwa Imevunjika. Hakuna jina lililotajwa tena, ngeli peke yake ndiyo inayosema kipi kimevunjika. Mtoto wa Kisukuma au wa Kigogo, ambaye lugha ya nyumbani kwao nayo ina ngeli, mara nyingi anaikamata haraka. Mtoto wa Kimasai au wa Kiiraqw anahitaji kadi nyingi zaidi za aina hii, na ni afadhali mwalimu alijue hilo mapema kuliko kumwita mvivu. Watoto wakifanya kazi wawiliwawili na mmoja akamfafanulia mwenzake kwa lugha ya nyumbani, waacheni. Amesoma Kiswahili, ameelewa, ameeleza. Tunataka nini zaidi?

Ziko kadi za kutenda, ambazo ni wajukuu wa vijikaratasi vya Roma: Hesabu madirisha ya darasa letu. Andika idadi yake, kisha chora dirisha moja lililo wazi. Ziko za hesabu iliyojificha ndani ya habari: Asha alikuwa na maembe manne. Alimpa Juma mawili, akala moja. Chora kilichobaki mkononi mwa Asha. Ziko za picha na sentensi tano, moja ya uongo, mtoto aitafute. Na vitendawili, ambavyo watoto wetu wanavyo tayari kichwani: upande mmoja kitendawili, mezani picha za majibu, kila kimoja kipate picha yake.

Kadi za kupanga zinahitaji maelezo kidogo kwa sababu zinaharibiwa kirahisi. Unaandika habari fupi, tuseme namna ugali unavyopikwa, sentensi sita au saba, kila moja katika mstari wake kwenye karatasi ya manila. Kabla ya kukata, geuza karatasi na uchore nyuma picha moja kubwa inayoijaza yote, sufuria juu ya mafiga na moshi wake. Kisha kata vipande virefu, kila kipande sentensi moja. Mtoto anavipanga kwa kusoma, na akimaliza anavigeuza kimoja kimoja mahali pake. Picha ikitokea sawa, kazi ni sawa. Ikitokea sufuria juu ya moshi, anarudi kusoma. Hakuna aliyemwambia amekosea. Sharti lake ni kwamba mpangilio ujulikane kwa maandishi yenyewe: maji yachemke kabla unga haujatiwa, na sentensi ya pili iseme "yakachemka" ili msomaji atafute maji yalipotajwa kwanza. Ukiandika sentensi zisizotegemeana, mtoto atabahatisha, na utakuwa umempa fumbo la picha badala ya habari ya kusoma.

Kadi bora kuliko zote huandikwa na watoto wenyewe, na hapa Freinet alikuwa sahihi kabisa. Mtoto akishasoma kadi kumi za maagizo, mpe kipande cha boksi aandike ya kwake. Utapata mambo ambayo mtu mzima hayafikirii: mwendee mwenzako mwenye viatu vya bluu umwonyeshe meno, chora mwalimu akiwa amebeba kuku. Mwandishi anakaa pembeni anamtazama msomaji, na msomaji akikosea, mara nyingi tatizo liko kwa aliyeandika: ameacha neno, ameunganisha maneno mawili, nukta haipo. Anairekebisha mwenyewe kwa sababu anataka mwenzake aelewe. Somo hilo la kuandika halina mfano kwenye ubao.

Kuhusu vifaa, sitaki mtu atoke hapa akisubiri mfadhili. Maboksi ya sabuni na ya biskuti yanapatikana kwenye kila duka la kijiji. Upande wa ndani, ule usio na maandishi, unapokea maka peni vizuri. Mifuko ya sandarusi iliyofumuliwa hubeba maandishi makubwa ya ukutani na haichaniki. Kalenda za zamani na magazeti yana picha. Kadi zishonewe mfuko wa kitambaa utundikwe mahali mtoto anapofikia kwa mkono wake, kila kadi iwe na namba, na tepu ya plastiki ibandikwe juu ili jasho la vidole lisifute wino. Kadi 40 zinatosha kuanzia. Shule yenye mikondo mitatu ikigawana kazi, kila mwalimu ana kadi 14 za kuandika, na kila wiki mifuko inabadilishana madarasa.

Mwaka 1957 huko Marekani, Don Parker alitoa kasha la kadi za kusoma zilizopangwa kwa rangi kulingana na ugumu, na kampuni ya SRA ikaliuza kwa wingi sana. Mtoto alichukua kadi ya rangi yake, akasoma, akajibu, akajisahihisha kwa kadi ya majibu, akapanda rangi. Mpango ulikuwa mzuri kwa upande wa kujitegemea. Lakini watoto waligeuza rangi kuwa vyeo: mtu mzima leo bado anaweza kukumbuka nani alibaki nyuma kwenye rangi ya chini. Katika madarasa yetu, ambako kuchekwa kunamfanya mtoto aache hata kufungua mdomo, ni afadhali alama zisizo na ngazi. Chora samaki kwenye kadi za aina hii, jembe kwenye zile, ngoma kwenye nyingine. Mwalimu anajua zipi ni nyepesi, na hiyo inatosha.

Swali ninaloulizwa kila mara: majibu yakiwa nyuma ya kadi, si watachungulia? Watachungulia. Kwa jibu la neno moja, hilo ni hasara, na ndiyo maana nazipendelea kazi ambazo jibu lake ni mchoro, mpangilio au kitendo. Kwa jibu ambalo ni sentensi nzima, mtoto anayechungulia analazimika kusoma sentensi hiyo. Mimi simwadhibu mtoto kwa kusoma.

Kazi ngumu iko kwenye mazoea. Usigawe kadi za aina tano siku ya kwanza. Anza na aina moja, ifanyike mbele ya darasa zima, watoto waone namna ya kuchukua kadi, kusoma mara mbili kabla ya kushika penseli, kumuuliza jirani kabla ya kumwendea mwalimu, na kurudisha kadi mahali pake kwa namba. Wiki mbili za mwanzo mwalimu asifanye kitu kingine ila kusimamia utaratibu huo. Inaonekana kama kupoteza muda. Darasa lililokwisha kuzoea linaendelea na kazi hata mwalimu akiitwa ofisini. Lisilozoeshwa linageuka soko ndani ya dakika tatu, na mwalimu anahitimisha kwamba watoto wake hawawezi, wakati hawajafundishwa namna ya kufanya.

Na mwalimu anafanya nini wakati huo? Hapa ndipo faida yote ilipo. Anavuta kiti pembeni na kumsikiliza mtoto mmoja akisoma, dakika tatu. Halafu mwingine. Katika kipindi cha dakika 30, ukiondoa muda wa kuanza na kufunga, anawasikiliza tisa. Watoto 90 wanamalizika kwa siku kumi za shule, yaani wiki mbili, na kila mmoja amesikilizwa dakika tatu nzima na mtu anayejua kusikiliza. Linganisheni na zile sekunde 20. Katika daftari dogo anaandika: huyu anapita juu ya nukta bila kutua, huyu anachanganya l na r, huyu anakwama kwenye mwambatano wa herufi kama nyw, ndw na mbw, huyu anatamka ng' na ng sawasawa, huyu anasoma vizuri lakini ukimuuliza nani alikimbia hajui. Mwalimu akiwa na orodha hiyo, andalio la somo la wiki ijayo linajiandika lenyewe.

Wapo watoto ambao bado hawajui silabi. Hao wasipewe kadi ya kusoma na kuachwa nayo, maana kumpa mtoto maandishi asiyoweza kuyafungua na kumwita "mwenye kujitegemea" ni kumtelekeza. Wakae karibu na mwalimu, wafundishwe kwa mkono, kila siku. Muda wa kuwafundisha unapatikana kwa sababu wengine 70 wako kazini. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu tulioanza nao mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulitaka hasa hawa wasiachwe njiani, na sioni namna nyingine ya kutimiza takwa hilo katika vyumba tulivyonavyo.

Walimu wakuu mliokuja, nina ombi kwenu. Mkipita dirishani mkasikia minong'ono, mkaona watoto wawili wamesimama mlangoni wakigusa bawaba kama kadi inavyowaagiza na mwalimu ameinama kwa mtoto mmoja, msimwite ofisini kumuuliza mbona hafundishi. Wathibiti ubora nao wazoee kuuliza "mtoto huyu umemsikiliza lini mara ya mwisho" kabla ya kuuliza idadi ya mazoezi yaliyosahihishwa. Mwalimu Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ijenge akili yenye kudadisi na mtu anayejiamini. Mtoto anayengoja kila mstari asomewe kwanza hawezi kuupata udadisi huo.

Lazima niseme pia kadi zinakomea wapi. Mtoto akisoma tu ili ajibu, atajifunza kwamba kusoma ni kazi ya kusahihishwa. Baada ya kadi lazima pawe na kitabu kisicho na maswali. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa sababu vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa wadogo vilikuwa vichache mno, na vitabu ulivyowezesha vichapwe bado vinapatikana katika baadhi ya maktaba za shule. Tangu mwaka 2014 African Storybook imekuwa ikitoa hadithi nyingi za Kiswahili bure, ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzichapa na hata kuzirekebisha. Jirani zetu wa Kenya, walipoanza mpango wa Tusome mwaka 2015, waliamua kila mtoto awe na kitabu chake mkononi, kimoja kwa mtoto mmoja, na uamuzi huo naona ni wa kuigwa kuliko mengi tunayoyajadili kwenye semina.

Hata hivi vichache tulivyonavyo, vingi vimelala. Nimeingia katika shule ambazo vitabu vya hadithi viko kabatini kwa mwalimu mkuu, vipya, vimefungwa kwa kufuli, kwa sababu vikipotea kuna barua ya kujieleza. Naelewa hofu hiyo. Lakini kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi iliyolipiwa, na kile kinachokutwa kizima siku ya ukaguzi hakijafanya. Wekeni vitabu kwenye kona ya kusoma. Chagueni monita wa vitabu, awe na daftari la kuazima. Vikichanika, watoto wa darasa la sita washike gundi na uzi.

Mwisho, kwa wakufunzi wenzangu wa vyuo vya ualimu. Mwanachuo anapokwenda mazoezi ya kufundisha, tunamkagua andalio la somo, azimio la kazi na zana za kufundishia. Napendekeza kuanzia muhula ujao kila anayekwenda kufundisha madarasa ya mwanzo aondoke chuoni na kadi 40 alizoziandika mwenyewe, ndani ya mfuko wa kitambaa, zikiwa zimejaribiwa na watoto wa shule yetu ya mazoezi. Mkufunzi azisome moja moja na aulize swali moja tu kwa kila kadi: je, mtoto asiyeelewa anaweza kuimaliza? Zile ambazo jibu lake ni ndiyo zirudishwe zikaandikwe upya. Wale ambao wangependa kuona mfano wa seti nzima, ninayo hapa mezani. Karibuni mbele mzichukue, mzisome, na mtakazoziona ni mbovu mniambie ni kwa sababu gani.